Kupima Vikinga-Jua katika Vipodozi: Kromatografia ya Kimiminika na Wajibu wa Kiswahili katika Mazingira ya Kitale na Bungoma

Utangulizi

Wahenga walinena kwamba kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Methali hii ina mashiko pale ambapo mnunuzi anaweza kuipima bidhaa kwa milango yake ya fahamu. Mahindi yaliyoota ukungu hunuka, maziwa yaliyotiwa maji huonekana, na kitambaa duni hujulikana kwa kuguswa. Hata hivyo, zipo bidhaa ambazo ubora wake umefichika mahali ambapo jicho, pua na kidole havifiki. Losheni ya kukinga jua ni mojawapo. Chupa mbili zinaweza kusimama bega kwa bega katika rafu ya duka moja mjini Kitale, zote zikiwa na losheni nyeupe, zote zikinukia vizuri na zote zikiwa na picha ya jua kwenye lebo, ilhali moja ina kemikali za kuzuia miale na nyingine ina maji, mafuta na manukato tu. Mtumiaji ataing'amua tofauti baada ya ngozi yake kuungua. Kwa mtu mwenye ualbino, kung'amua huko huwa kumechelewa.

Makala hii inadhamiria kueleza jinsi wanakemia wanavyoitambua tofauti hiyo kwa kutumia mbinu iitwayo kromatografia ya kimiminika. Aidha, inajadili namna matokeo ya mbinu hiyo yanavyoweza kumfikia mnunuzi wa Kitale na Bungoma. Hoja inayotetewa ni kwamba kipimo cha maabara hakimlindi mtu yeyote mpaka kitamkwe kwa lugha anayoielewa, na kwamba kwa sababu hiyo kazi ya kulinda ngozi ni ya mwanaisimu kama ilivyo ya mwanakemia.

Jua la Kitale na Bungoma

Mji wa Kitale, makao makuu ya Kaunti ya Trans Nzoia, uko mashariki mwa Mlima Elgon katika mwinuko wa takriban mita 1,900 juu ya usawa wa bahari. Mji wa Bungoma uko kusini mwa mlima huo, katika mwinuko wa takriban mita 1,400. Yote miwili iko karibu sana na Ikweta, kaskazini yake, hivyo basi jua la adhuhuri halienei mbali na utosi katika kipindi kikubwa cha mwaka. Kwa mujibu wa Shirika la Afya Duniani, nguvu ya miale ya urujuanimno huongezeka kwa takriban asilimia 10 kwa kila mita 1,000 ambazo mtu anapanda. Kwa kadirio hilo, anga ikiwa safi, mkulima wa Kitale hupokea miale mingi zaidi kuliko mvuvi wa Mombasa, ingawa mvuvi ndiye anayetokwa na jasho jingi zaidi.

Hapa pana jambo ambalo msomi wa lugha hapaswi kulipuuza. Istilahi urujuanimno imeundwa kwa urujuani, yaani rangi ya zambarau inayoonekana mwishoni mwa upinde wa mvua, pamoja na kiambishi -mno kinachodokeza kupita kiasi. Neno lenyewe linafundisha: hii ni miale iliyo ng'ambo ya rangi ya mwisho ambayo jicho linaweza kuiona. Kwa kuwa haionekani wala haileti hisia ya joto, ubaridi wa asubuhi ya Kitale humfanya mtu adhani kwamba jua halimdhuru. Miale hiyo hugawanywa katika makundi. Ile iitwayo UVB ndiyo inayounguza ngozi kwa haraka. Ile iitwayo UVA hupenya ndani zaidi na huizeesha ngozi polepole, na zote mbili huchangia saratani ya ngozi.

Ngozi nyeusi ina akiba kubwa ya melanini, rangi ya asili inayofyonza sehemu kubwa ya miale hiyo. Mtu mwenye ualbino hana akiba hiyo, au anayo kidogo mno. Sensa ya mwaka 2019 ilihesabu watu 9,729 wenye ualbino nchini Kenya. Kwao losheni ya kukinga jua si kipodozi cha urembo bali ni kinga ya uhai, sawa na kofia pana na shati la mikono mirefu. Ndiyo maana Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu lilianzisha, mapema katika miaka ya 2010, mpango wa kuwapa losheni hiyo bila malipo kupitia hospitali za umma. Nchini Tanzania, katika hospitali ya KCMC mjini Moshi, mradi wa Kilisun ulianza katika miaka hiyo hiyo kutengeneza losheni iliyokusudiwa watu wenye ualbino. Hata hivyo, mpango wowote wa umma unaweza kuchelewa au kupungukiwa, na anayeishiwa losheni hana budi kwenda dukani. Swali linalozuka ni hili: je, kilichomo ndani ya chupa aliyoinunua ni kile kilichoandikwa nje yake?

Kilichomo ndani ya chupa

Vikinga-jua vinavyotiwa katika vipodozi ni vya aina mbili. Aina ya kwanza ni ya madini, nayo ni zinki oksidi na titani dioksidi. Haya ni vumbi laini jeupe linalofyonza na kutawanya miale. Aina ya pili ni kemikali za kaboni ambazo huyeyuka katika mafuta na kuifyonza miale kabla haijaifikia ngozi. Miongoni mwake ni oktinoksati, oksibenzoni, oktokrileni na avobenzoni. Kila kemikali ina eneo lake la kazi. Oktinoksati hufyonza zaidi miale ya UVB, ilhali avobenzoni hufyonza zaidi ile ya UVA. Kwa hivyo mtengenezaji makini huchanganya zaidi ya moja ili asiache mwanya.

Ni muhimu kutaja kwamba kemikali hizi hazipatikani katika losheni za kukinga jua pekee. Hutiwa pia katika krimu za uso, mafuta ya midomo, rangi za kucha na manukato, wakati mwingine kwa minajili ya kulinda rangi ya bidhaa yenyewe isipauke dukani. Hata baadhi ya krimu za kujichubua huwa nazo.

Sheria huweka ukomo wa kiasi. Katika Umoja wa Ulaya, oktinoksati na oktokrileni haziruhusiwi kuzidi asilimia 10 ya bidhaa, na avobenzoni haivuki asilimia 5. Marekani huruhusu asilimia 7.5 ya oktinoksati na asilimia 3 ya avobenzoni. Viwango vya Afrika Mashariki vya vipodozi, vijulikanavyo kama EAS 377, navyo vinabainisha vikinga-jua vinavyokubalika. Kiasi kikipungua, ngozi hubaki wazi. Kikizidi, huweza kuleta mwasho. Utafiti wa Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani uliochapishwa mwaka 2019 ulionyesha kwamba avobenzoni, oksibenzoni na oktokrileni huweza kupenya ngozi na kuingia katika damu. Watafiti hawakuwashauri watu waache kuzitumia, bali walitaka zichunguzwe zaidi. Kwa vyovyote vile, anayetaka kujua kama bidhaa imepungukiwa au imezidisha lazima apime.

Lebo haitoshi kumjibu. Lebo nyingi hutaja viambato kwa kufuata wingi wake, kuanzia kilicho kingi zaidi, pasipo kusema ni asilimia ngapi. Zaidi ya hayo, kitu kimoja huwa na majina mawili: oktinoksati ya lebo ya Marekani ndiyo ethili heksili methoksisinamati ya lebo ya Ulaya. Asiyejua hudhani ni vitu viwili.

Safari ya kutoka Kitale hadi Bungoma

Mbinu ya kutenganisha kemikali zilizochanganyika ilibuniwa na Mikhail Tsvet, mtaalamu wa mimea kutoka Urusi, ambaye mnamo mwaka 1903 alieleza matokeo yake mjini Warsaw. Tsvet alijaza unga wa chaki katika neli ya kioo, akamimina juu yake rangi iliyokamuliwa kutoka kwa majani, kisha akaongeza kiyeyushi. Rangi iliyoonekana kuwa kijani tupu ilijigawa katika mikanda ya kijani na manjano, kila mkanda ukishuka kwa kasi yake. Kutokana na maneno ya Kigiriki yenye maana ya rangi na kuandika, mbinu hiyo ikaitwa kromatografia. Waingereza Archer Martin na Richard Synge waliiendeleza na kutunukiwa Tuzo ya Nobel mwaka 1952. Katika miaka ya 1960 ziliundwa mashine zinazotumia pampu kukisukuma kiyeyushi kwa nguvu kupitia neli nyembamba ya chuma, na hizo ndizo zinazotumika sasa kupima vipodozi.

Utendakazi wa mashine hiyo unaweza kufafanuliwa kwa mfano wa barabara. Ichukuliwe kwamba kundi la wasafiri linaondoka Kitale kwa miguu wakati mmoja kwenda Bungoma, likipitia masoko ya Kiminini, Kamukuywa, Kimilili na Chwele. Wote wanatembea kwa mwendo uleule wanapokuwa njiani. Lakini msafiri wa kwanza hana jamaa wala rafiki katika masoko hayo, hivyo anapita moja kwa moja. Wa pili ana marafiki wachache, naye anasimama kusalimu. Wa tatu anajulikana na kila muuza nyanya, na kila soko linamchelewesha. Waliondoka pamoja kama kundi lisilotofautishika, lakini watafika Bungoma mmoja mmoja. Karani aliyesimama kwenye kituo cha Bungoma akiwa na saa na daftari ataweza kusema ni nani amefika, saa ngapi, na iwapo wasafiri wa aina moja ni wengi, wamefika wangapi.

Katika mashine, barabara ni neli ya chuma yenye urefu wa sentimita 15 hadi 25. Masoko ni chembechembe laini zilizojazwa ndani yake, zilizopakwa kitu chenye asili ya mafuta. Mwendo wa wasafiri ni kiyeyushi, aghalabu mchanganyiko wa methanoli na maji, kinachosukumwa na pampu bila kukoma. Wasafiri ni kemikali zilizomo katika losheni. Kemikali inayopenda mafuta zaidi hunaswa zaidi na chembechembe na huchelewa kutoka. Kwa hivyo oksibenzoni, ambayo haina mapenzi makubwa hivyo na mafuta, hutoka kabla ya oktinoksati. Muda ambao kila moja hutumia ndani ya neli, mazingira yasipobadilishwa, ni uleule kila mara, na ndio unaoitambulisha.

Karani wa Bungoma ni kigunduzi. Kigunduzi hiki huangaza miale ya urujuanimno kupitia kimiminika kinachotoka kwenye neli, kisha hupima kiasi cha miale kinachopita. Kikinga-jua kinapopita, miale hupungua upande wa pili kwa sababu imefyonzwa. Inastahili kuzingatiwa kwamba sifa inayoilinda ngozi ndiyo hiyo hiyo inayoifichua kemikali maabarani. Kigunduzi huiuliza losheni swali ambalo ngozi ya mkulima huiuliza shambani: je, unaweza kuizuia miale hii?

Hesabu ya kilele

Kila kemikali inapopita, kompyuta huchora kilele kwenye grafu. Eneo lililo chini ya kilele hulingana na wingi wa kemikali. Lakini eneo hilo peke yake halina maana mpaka lilinganishwe na kilele cha kemikali safi ambayo wingi wake unajulikana, yaani sampuli rejea.

Mfano ufuatao ni wa kubuni, lakini hatua zake ndizo zinazofuatwa. Lebo ya losheni inadai kuwa na asilimia 7.5 ya oktinoksati. Mtaalamu anapima gramu 0.5, sawa na miligramu 500, na kuiyeyusha katika methanoli mpaka ujazo uwe mililita 100. Anauchuja myeyusho huo ili mabaki yasizibe neli. Kisha anachukua mililita 5 na kuzizimua mpaka ziwe mililita 100, maana yake nguvu yake imepunguzwa mara 20. Sehemu ndogo sana ya myeyusho huo inadungwa katika mashine. Sampuli rejea yenye mikrogramu 20 katika kila mililita imetoa kilele chenye eneo la 4,000. Losheni imetoa kilele, kwa muda uleule, chenye eneo la 3,000. Kwa kuwa 3,000 ni robo tatu ya 4,000, myeyusho wa losheni una mikrogramu 15 katika kila mililita. Ukizidishwa kwa 20, kabla ya kuzimuliwa ulikuwa na mikrogramu 300 kwa mililita. Katika mililita 100 hizo ni mikrogramu 30,000, yaani miligramu 30. Miligramu 30 katika miligramu 500 ni asilimia 6. Lebo imedai 7.5, na sehemu moja kati ya tano haikuonekana.

Upungufu huo hauna budi kufasiriwa kwa makini. Huenda mtengenezaji alipunja. Huenda pia alikuwa mwaminifu, lakini bidhaa ikaharibika njiani. Avobenzoni, mathalani, huvunjika inapopigwa na mwanga, hasa ikichanganywa na oktinoksati, ilhali oktokrileni huisaidia kudumu. Chupa iliyoanikwa juani mbele ya kibanda kwa miezi kadhaa si sawa tena na ile iliyotoka kiwandani. Kwa hivyo kupima kiwandani hakutoshi. Sampuli lazima itoke pia kwenye rafu ambazo mnunuzi wa Kitale na Bungoma anazifikia.

Mipaka ya kipimo

Itakuwa kosa kudai kwamba mashine hii hujibu kila swali. Kwanza, haipimi madini. Zinki oksidi haiyeyuki katika methanoli, na losheni inayoitegemea huhitaji mbinu nyingine. Losheni hiyo ikionekana kuwa tupu katika kromatografia, isihukumiwe kuwa ya uongo. Pili, haipimi namba ya SPF. Namba hiyo hupatikana kwa kuangaza ngozi ya watu waliojitolea baada ya kupakwa miligramu 2 za losheni kwa kila sentimita mraba. SPF 30 huzuia takriban asilimia 97 ya miale inayounguza, na SPF 50 takriban asilimia 98. Anayepaka nusu ya kiasi hicho hapati kinga iliyoandikwa, hata kama maabara imeipasisha chupa yake.

Licha ya mipaka hiyo, mbinu hii ina faida nyingine. Mashine iyo hiyo huweza kupima haidrokwinoni, kemikali ya kujichubua ambayo Kenya iliipiga marufuku katika vipodozi mwaka 1998. Hivyo sampuli moja huweza kujibu maswali mawili: je, kinachopasa kuwemo kimo, na je, kisichopasa kuwemo hakimo?

Suala la istilahi

Baada ya mashine kunyamaza, lugha ndiyo inayoanza kazi, na hapa ndipo matatizo yanapojitokeza. Neno kiwango ni mfano mzuri. Katika maabara hutumika kwa maana ya kiasi cha kemikali. Katika sheria hutumika kwa maana ya masharti ya ubora, ndiyo maana shirika la Tanzania huitwa Shirika la Viwango. Nchini Kenya, KEBS huitwa aghalabu Shirika la Kukadiria Ubora wa Bidhaa. Wapo pia wanaoliita kiwango kile kitu ambacho makala hii imekiita sampuli rejea. Sentensi kama "kiwango kililinganishwa na kiwango ili kuona kama kimefikia kiwango" ni sahihi kisarufi lakini haimfai mtu yeyote. Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia iliyotolewa na TUKI mwaka 1990 ilifungua njia, lakini istilahi za upimaji wa bidhaa zinahitaji kuendelea kufanyiwa kazi.

Si kila istilahi inahitaji kuundwa upya. Kitenzi kuzimua kilikuwa kikitumika nyumbani kabla ya kuingia maabarani, na kinaeleza kazi yenyewe kwa ukamilifu. Kilele kilikuwa cha mlima kabla ya kuwa cha grafu, na mwanafunzi aliyekulia chini ya Elgon hahitaji kufafanuliwa. Kwa upande mwingine, neno mafuta linapotosha. Dukani hujumuisha losheni, krimu na hata mafuta ya mgando, hivyo anayeomba "mafuta ya jua" huweza kupewa kitu kisicho na kinga yoyote. Istilahi kikinga-jua ina faida ya kutaja kazi ya kitu badala ya umbo lake. Vivyo hivyo, kuacha neno zeruzeru na kushika maelezo mtu mwenye ualbino si suala la adabu tu. Kunamweka mtu mbele ya hali yake, na mtu ndiye mwenye haki ya kupewa taarifa.

Haki hiyo ina msingi wa kisheria. Kifungu cha 46 cha Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 kinampa mtumiaji haki ya kupata bidhaa zenye ubora unaofaa pamoja na taarifa anazohitaji ili anufaike nazo. Kifungu cha 7 kinakifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na pia mojawapo ya lugha rasmi. Vifungu hivi vikisomwa pamoja, ripoti inayosema "wingi wa oktinoksati ni asilimia 80 ya dai la lebo" inadai kuandikwa pia hivi: "Losheni hii imepungukiwa na sehemu moja kati ya tano ya kikinga-jua kilichoandikwa kwenye lebo. Usiitegemee juani." Sentensi hizi za pili hazijapunguza ukweli wa ile ya kwanza. Zimeufikisha kwa mwenye ngozi.

Hitimisho

Makala hii imeonyesha kwamba kromatografia ya kimiminika hutenganisha viambato vya kipodozi kwa kuvichelewesha kwa viwango tofauti, huvitambua kwa muda wa kutoka, na huvipima kwa eneo la kilele. Imeonyesha pia kwamba namba inayopatikana inahitaji mfasiri. Maabara kuu za KEBS ziko Nairobi, takriban kilomita 400 kutoka Kitale na Bungoma, lakini umbali mkubwa zaidi ni ule ulio kati ya ripoti na msomaji wake. Chuo Kikuu cha Kibabii, kilichopata hati mwaka 2015, kiko katika Kaunti ya Bungoma yenyewe, na wanafunzi wa Kiswahili na wa sayansi wanapita katika lango moja. Tasnifu moja ya pamoja, ambayo mwanasayansi anapima losheni za masoko ya karibu na mwanaisimu anaandaa matokeo kwa Kiswahili kinachosomeka, ingekuwa na manufaa kwa mama wa Chwele anayemnunulia mwanawe mwenye ualbino chupa ya losheni kabla ya shule kufunguliwa. Mama huyo hawezi kukiona kilele kwenye grafu. Anachoweza ni kusoma, mradi aandikiwe.